Mpini Ndani ya Bomba la Daktari

Jumamosi, saa moja na robo asubuhi, Daktari wa meno alifungua kufuli la bomba la bati lililoning'inia ukutani sebuleni kwake. Akaingiza mkono kwa adabu ya mtu anayemng'oa mfalme jino. Akatoa mpini wa ufagio.

Mpini ulikuwa vipande viwili, vimeviringishwa kwa kitambaa cha flana visigongane. Fimbo yake ya kuvulia, ile inayorusha mtoni nzi wa bandia aliyefungwa kwa manyoya na uzi, haikuwemo. Mashindano ya uvuvi yalikuwa saa nne. Mayowe yaliyofuata yaliwaamsha hata majirani waliokuwa wameshaamka.

Saa mbili kasoro dakika kumi, Nesi wa kliniki yake aliingia akihema. Hakuitwa na bosi wake. Aliitwa na mdogo wake, fundi rangi ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi, na ambaye sasa alikuwa ameketi juu ya ndoo ya rangi akisubiri kukamatwa.

"Dada, mimi hata samaki wa kopo sijawahi kumwibia mtu."

"Nyamaza. Ukijitetea hivyo utafungwa miaka kumi."

Alitania, lakini jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Jumatatu Brashi alitakiwa kuanza kupaka shule nzima, kazi yake kubwa ya kwanza, na hakuna shule inayompa ufunguo mtu aliyelala rumande.

"Askari anafika saa tatu," Daktari alitangaza. "Huyu kijana alikaa humu peke yake akipaka rangi Alhamisi na Ijumaa, saa mbili mpaka saa kumi na mbili. Na aliuliza bomba lina nini!"

"Niliuliza kwa sababu nilitaka kulishusha nipake nyuma yake," alisema Brashi.

Nesi alilikagua kufuli. Halikuwa na mkwaruzo.

"Ufunguo unakaa wapi, Daktari?"

"Chini ya mto wangu."

"Fimbo uliiona lini mara ya mwisho?"

"Jumapili. Niliipangusa."

"Na kuitumia?"

Daktari alikohoa. "Naipangusa kila Jumapili."

"Ya bei gani, tumwandikie askari?"

Daktari alimtupia jicho mkewe, aliyekuwa kwenye kochi akifuma sweta la zambarau. "Bei ya viatu. Viatu vizuri kidogo."

Hapo kichwa cha Nesi kikaanza kuzunguka. Kule kliniki, Daktari huwahubiria wagonjwa walioachama, wasioweza kubisha, kwamba fimbo ile ni sawa na pikipiki mpya, na kwamba inastahili kila senti. Tangu lini aliyeibiwa akapunguza bei?

Saa mbili na nusu aliingia Mwalimu wa hesabu, jirani, na mwanzi wake wa kuvulia aliouchonga mwenyewe. Alikuja kumpitia Daktari waende mashindanoni. Nesi alimrukia.

"Mwalimu, wiki iliyopita si ulisema fimbo ya Daktari utaimaliza?"

"Nilisema nitaishinda. Samaki hasomi risiti, binti yangu. Kwa nini niibe kitu ninachokicheka bure?" Akavua kofia. "Mtafuteni huyu anayevua kwenye kona yangu ya mto kila Jumanne na Alhamisi. Simwoni, nakuta nyayo tu za mabuti madogo, na samaki anawamaliza! Juzi aliniachia hiki tawini."

Kwenye ukingo wa kofia alikuwa amechomekwa nzi wa bandia, tumbo lake uzi wa zambarau.

Nesi alimtazama nzi. Akamtazama Mwalimu, akatazama miguu ya Brashi, mikubwa kama majahazi. Kila jibu lilileta ukungu wake. Mtu wa mabuti madogo alivua hadi juzi, Alhamisi, lakini siku hiyo hiyo Brashi alikuwa humu ndani kutwa nzima. Mwizi gani anaiba, anabaki mtaani kuvua, halafu anaacha mpini wenye uzito wa fimbo ili mwenyewe akilishika bomba asishtuke?

"Nipeni ufagio," alisema kwa kuchoka. "Mimi nisipofagia siwezi kufikiri."

"Utafagia umeinama," Brashi akamjibu. "Hauna mpini. Alhamisi asubuhi niliulizia, Mama mwenye nyumba akasema akitoka kwamba ulivunjika tangu mwezi jana."

Nesi aliviokota vile vipande viwili, akapitisha kidole kwenye ncha zake. Miaka sita ya kliniki ilikuwa imemfundisha jambo moja: kilichovunjika kina meno. Hiki kilikuwa laini. Kilikatwa kwa msumeno.

Mke wa Daktari aliona kile kidole. "Baba watoto, mwambie askari asije. Utamtupa ndani mtoto wa watu kwa ajili ya fimbo ya bei ya pikipiki?"

Sindano za kufumia zilisimama.

"Pikipiki?" Daktari alinong'ona. "Nani kakwambia pikipiki?"

"Mama," Nesi alisema taratibu, "naomba huo mfuko wa nyuzi."

Kikulacho ki nguoni mwako, na fimbo ya Daktari ilikuwa kwenye nyuzi: imefunguliwa vipande vyake vinne, katikati ya mabonge ya zambarau.

"Wewe!" Daktari alifoka. "Na ufunguo?"

"Mto wako tunaulalia wawili. Nilikuta risiti kwenye koti lako mwezi jana, nikaenda kuitupa fimbo mtoni. Kweli, kuitupa! Nikasema acha nirushe mara moja, nione pikipiki inafanya nini. Akaja samaki huyu hapa." Alipima mkono hadi kiwiko. "Tangu hapo Jumanne na Alhamisi naitoa, jioni nairudisha. Wiki hii Brashi akitoka, wewe unaingia. Ningeirudishaje?"

"Kwa nini hukusema?"

"Mwaka mzima nakwambia uvuvi ni upuuzi. Ningeanzia wapi?" Akamgeukia Brashi. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa natafuta maneno, na muda ukanitupa mkono."

Daktari alikaa chini. "Kwa hiyo," aliuliza kwa sauti ndogo, "inastahili bei yake?"

"Kila senti," mkewe alijibu. "Ila mkononi mwangu."

Askari alichelewa, akafika saa nne kasorobo. Alimkuta mshukiwa kwenye kochi, miguu juu ya ndoo, na mlalamikaji ameinama anafagia sebule kwa ufagio usio na mpini. Mke alikuwa ameshaondoka na Mwalimu kwenda mashindanoni, fimbo mkononi.

"Nani ameiba nini?" askari aliuliza, kalamu mkononi.

Brashi alimnyooshea kidole Daktari, na Daktari akaunyooshea ufagio.