Kasuku Aliyemsemea Mdogo Wake

Kila asubuhi mambo yalikuwa yale yale. Mama, ambaye alikuwa fundi saa, alimuuliza mwanawe wa miaka minne, "Kibonge, unataka chai au maziwa?" Kabla Kibonge hajafungua kinywa, dada yake wa miaka kumi na miwili alidakia, "Anataka chai!" Ndiyo maana walimwita Kasuku. Alimsemea mdogo wake kila kitu, naye Kibonge akazoea kunyoosha kidole tu na kunyamaza.

Jumamosi moja Mama alikuwa na wateja wengi. Alimwachia Kasuku mdogo wake katika chumba cha nyuma cha duka lake la saa, penye meza ya kazi. "Usimwondolee macho," alisema. Kasuku alikaa kidogo, kisha akasikia wenzake wakiruka kamba nje. Akachomoka.

Aliporudi, Kibonge alikuwa ameshika shingo, mate yakimchuruzika. Hata maji aliyakataa. Mama alifunga duka mbiombio, akambeba, wakakimbilia hospitali.

Muuguzi alichuchumaa mbele ya mtoto. "Umekula nini, baba?"

"Amekula ndizi, imemkwama!" Kasuku alidakia.

"Ulimwona?"

"Ndiyo... yaani, anapenda sana ndizi."

Muuguzi alimkazia macho. "Mwanangu, tukihangaika na ndizi na kumbe si ndizi, tutamuumiza. Ulimwona?"

Kasuku alimtazama Mama, kisha sakafu. "Hapana. Nilikuwa nje naruka kamba. Nisamehe, Mama."

Mama alizidi kumkumbatia Kibonge.

"Umefanya vyema kusema kweli," muuguzi alisema. "Sasa mwache mwenyewe aseme."

"Lakini hajui kusema!"

"Anajua. Tutampa pa kushikia." Akamgeukia mtoto. "Uliweka mdomoni chakula, au kitu?"

Neno lilimjaa Kasuku mdomoni, akauma ulimi. Muuguzi hakurudia swali. Alingoja tu.

"Kitu," Kibonge alisema kwa sauti ya kukwaruza.

"Kitu. Kitu kikubwa au kitu kidogo?"

"Dogo."

"Kitu kidogo. Kinang'aa?"

Kibonge akaitikia kwa kichwa.

"Kitu kidogo kinachong'aa. Ulikitoa kwenye..." Muuguzi aliiacha sentensi ikining'inia.

Midomo ya Kibonge ilichezacheza. "Kwenye... saa."

Mama alipiga ukelele. "Betri! Mungu wangu, amemeza betri!"

Muuguzi alimnyakua mtoto na kumwita daktari. Mlango ukafungwa. Mama na Kasuku walikaa kwenye benchi. Hatimaye muuguzi alitoka, jasho likimtiririka usoni.

"Imetoka. Tungechelewa, ingemchoma koo vibaya."

Mama akalia kwa sauti. Kasuku naye machozi yakamwagika.

"Sikiliza, mwanangu," muuguzi alimwambia taratibu. "Ukweli wako umetufungulia njia. Lakini mtoto mdogo hajifunzi kuzungumza kama kila mara unamnyang'anya maneno. Mpe mawili achague moja. Akisema neno, lirudie kwa ukamilifu. Anzisha sentensi, yeye amalizie. Kisha ngoja. Hapo pa kungoja ndipo penye kazi."

Walipoingia wodini, Kibonge alifumbua macho.

"Dada... mimi..."

Kasuku alijua, au alidhani anajua, kinachofuata. Akafumba mdomo, akangoja.

"Mimi... nimeogopa," Kibonge akamaliza.

"Umeogopa sana," Kasuku alisema, akimshika mkono. "Mimi pia."