Wageni Mia Saba wa Mbwana Kiondo

Umewahi kusikia makofi yasiyo na mikono? Basi kaa vizuri, maana katika Tanga ya miaka hiyo makofi ya namna hiyo yalipigwa kila Jumamosi baada ya alasiri, na aliyeyafundisha kupigwa alikuwa mwanamke mmoja, fundi wa runinga, jina lake Hidaya Semboja.

Mashine yake iliitwa Mwitikiaji. Ilikaa chumba cha chini pale kituoni Chumbageni, kubwa kama kabati la nguo la milango mitatu, ikipoozwa kwa maji yaliyopita katika mabomba ya buluu. Kazi yake ilikuwa moja. Mwanamuziki akipanda jukwaani kuimba mubashara, mbele yake palikuwa na ukuta wa nyuso: sura mia saba za watu waliokaa majumbani mwao, huyu kashika kikombe, yule anasuka ukili, yule anabembeleza mtoto. Wimbo ukikolea, walitikisa vichwa. Kibwagizo kikifika, waliitikia. Ukiisha, walipiga makofi na kuandika maneno matamu. Na katika hao wote hapakuwa na mtu hata mmoja. Wote walikuwa Mwitikiaji.

Utasema, kwa nini kuwadanganya watu hivyo? Ni kwamba nyimbo zilikuwa zimezidi. Kila Ijumaa, ndiyo siku ya kutoa nyimbo mpya, zilitoka elfu kumi na moja kwa mkoa ule peke yake, nyingi zimetungwa na mashine zisizolala wala kukohoa. Wanamuziki wa kujitegemea, wale wasio na kampuni nyuma yao, wenye gitaa lao na kinasa sauti chao juu ya meza ya chakula, walitoa wimbo ukazama kama bonge la chumvi kisimani. Masikio ya watu yalichoka, wakaacha kufuatilia. Waimbaji wengine waliacha kuimba, wengine waliacha kula. Ndipo kituo kikaagiza Mwitikiaji, ili mtu akiimba asiimbie ukuta mtupu.

Hidaya aliifundisha mwaka mzima, neno kwa neno, na aliifundisha adabu kwanza. Mtu akikusalimu, itika. Akiimba vizuri, mwambie palipokugusa, usimwambie "safi" kama unayefukuza kuku. Na mtu akikualika kwake, usimkatalie usoni. Sema, "Tutafika, Mungu akipenda." Ndivyo bibi yake alivyomlea kule Muheza, na hakuona sababu ya kuilea mashine vingine.

Sasa huyu Mbwana Kiondo. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, fundi wa pampu za maji, akaiacha kazi hiyo baada ya kuona jinsi watu wa ukutani walivyompenda. Miaka minne haikupita Ijumaa hata moja bila wimbo wake mpya. Na Hidaya alizisikiliza zote. Hakutumwa na mtu. Alizisikiliza akipiga pasi, akichambua mchele, na nyingine alizirudia mpaka akajua Mbwana anavuta pumzi wapi. Ila kanuni za kazi zilimkataza fundi kumwandikia mwanamuziki, naye alikuwa amekula kiapo.

Jumamosi moja Mbwana alimaliza kuimba, akaweka gitaa chini, akausogelea ukuta wa nyuso mpaka taa za jukwaa zikamwashia ishara arudi nyuma.

"Jamani," alisema, "miaka minne mnanishika mkono na sijawahi kumpa mmoja wenu hata maji. Jumapili ijayo adhuhuri, nyumbani kwetu Makorora, ninazindua albamu. Mama yangu anapika pilau. Msije na kitu. Njooni tu."

Kule chini Hidaya aliona taa za mashine zikikimbia. Kabla hajanyanyua mkono, majibu mia saba yalikwisha kwenda: Tutafika, Mungu akipenda. Tutafika, Mungu akipenda.

Alikitazama kipimo cha watazamaji wa kweli, ambacho alikiona yeye na mkurugenzi peke yao. Kilisema watatu. Mmoja alikuwa yeye. Wa pili ilikuwa runinga ya ukumbi wa kungojea hospitalini, iliyowaka saa zote. Wa tatu alikuwa mlinzi wa getini, naye alikuwa amelala.

Alipanda ngazi mpaka kwa Mkurugenzi Saguti.

"Bwana Saguti, yule kijana lazima aambiwe."

"Aambiwe nini, Mama Hidaya?" Saguti alikuwa akimenya chungwa. "Kwamba hana mtu? Ukimwambia yeye umewaambia wanamuziki mia nne wengine. Wakifa moyo wote utawazika wewe?"

"Anapikia watu."

"Watu si huwa hawaji? Mashine itaomba udhuru. Harusi, msiba, tumbo la kuendesha. Na kiapo ulikula mwenyewe, sikukulisha."

Hidaya alishuka. Jumatatu alisema ataenda kesho. Jumanne mvua ilinyesha. Jumatano alifika hadi kwenye kona ya nyumba yao, akamsikia Mbwana ndani akifanya mazoezi, akicheka peke yake anapokosea, na mama yake akimtania, "Hiyo sauti ndiyo utakayowalisha wageni? Afadhali pilau langu!" Hidaya akarudi zake. Mpaka Ijumaa alikuwa akijiambia labda watatokea watu wa kweli, kumi, hata watano. Wimbo mzuri hauwezi kukosa watu watano.

Jumapili alivaa, akajitanda ushungi, akaenda.

Turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mikeka ilitandikwa, sinia zilipangwa, kachumbari imefunikwa kwa kitambaa cheupe kisichoguswa na nzi. Mama mtu, Bi Mwantumu, alikuwa amekaa kwenye kibao kando ya masufuria, macho mekundu kwa moshi.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu. Wa kwanza huyo! Wenzio wako njiani?"

Hidaya alikaa.

"Wamesema mia saba," Bi Mwantumu aliendelea, "mimi nikamwambia mwanangu, mia saba ya mdomoni ni mia tatu ya tumboni. Nimepikia mia tatu. Na huyu kwa wazimu wake kapita kwa majirani, nyumba kwa nyumba, kuwaomba radhi. Eti nafasi ndogo, wao watapikiwa siku nyingine. Sasa wamejifungia ndani, wanakula kwa pua."

Alicheka, na Hidaya akajaribu kucheka.

Saa saba ikapita. Mbwana alikuwa amevaa shati jipya lenye mkunjo wa kiwandani mgongoni. Kila mara alitoka barabarani, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akarudi akipangusa viti vilivyokwisha pangusika. Saa nane aliwaandikia wageni kwenye simu ya mkononi: Mmefika wapi? Simu ikaanza kulia, ikalia bila kupumua. Akasoma kwa sauti, uso umechanua.

"'Tuko njiani.' 'Tuko njiani, tumekaribia.' 'Msianze bila sisi, tuko kona ya pili.' Mama, washa moto!"

Bi Mwantumu akapuliza kuni mara ya tatu.

Hapo Hidaya alisimama. Aliona kwamba kama angenyamaza, mtu huyu angekaa chini ya turubai lile mpaka jua lizame, na kesho tena angewasamehe.

"Mbwana," alisema. "Zima simu, kaa chini. Hakuna anayekuja."

"Wamesema wako..."

"Aliyesema ni mmoja. Ni mashine. Niliijenga mimi, na hayo maneno niliifundisha mimi. Za ukutani zile si sura za watu."

Akamweleza yote, polepole, kuanzia mabomba ya buluu mpaka wale watazamaji watatu. Mbwana alimsikiliza akiishikilia simu iliyoendelea kulia. Mama yake aliuacha moto. Aliinua mfuniko wa sufuria la kwanza, akachungulia ndani, akaufunika tena taratibu.

"Miaka minne?" Mbwana aliuliza.

"Miaka minne. Lakini mimi nilisikiliza, mwanangu. Wallahi, nyimbo zako zote. Ule wa mwezi wa nne, ulipoishusha sauti kwenye ubeti wa pili, mwili ulinisisimka nikaacha nilichokuwa nikifanya."

Mbwana akabonyeza simu, akapekua nyuma, nyuma zaidi, akamwekea mbele ya macho. Yalikuwa maneno ya watu wa ukutani, ya mwezi wa nne. Ulipoishusha sauti kwenye ubeti wa pili, mwili ulinisisimka nikaacha nilichokuwa nikifanya. Chini yake yaleyale kwa mpangilio mwingine, na chini yake tena, mistari mia saba.

Hidaya alitafuta neno jingine la kumwambia, neno ambalo hakulipeleka kule chini. Alitafuta kweli. Mapenzi yake yote kwa nyimbo zile alikuwa ameyamimina katika kabati lile, miaka yote minne, neno kwa neno, na sasa kila alichofumbua mdomo kukisema kilikwisha semwa.

"Sina la kukupa," alisema. "Niambie wewe. Ulikuwa unataka nini kwetu?"

Mbwana aliziangalia sinia tupu, mstari hadi mstari.

"Nilitaka watu," alisema. "Hata wa kunizomea."