Mkaa Chini ya Tope

Siku ile mjinga alikuwa Galgalo. Usimwonee haya. Yeye mwenyewe hukisimulia kisa hiki sokoni Garsen, tena hucheka kabla ya wenzake.

Mvua ilichelewa. Ng'ombe wake walibaki mbavu tupu. Galgalo akashika mwenge wa moto, akaenda ukingoni mwa ziwa lililokauka. Huko ndiko kulikobaki nyasi, nazo zilikuwa kavu. Alitaka kuzichoma ili majani mabichi yachipue.

Mkewe Qabale alimfuata. "Baba Dado, nyasi zikiungua na mvua isije, ng'ombe watakula nini?"

"Mvua itakuja tu."

"Imekutumia salamu?"

Pale ziwani walimkuta Gershom, Mpokomo wa Wenje, aliyefanya kazi na wapimaji wa udongo. Alikuwa amechomoa bomba refu ardhini na kulaza tope lake juu ya ubao. Tope lilikuwa na mistari kama kikoi.

Galgalo aliona mistari myeusi, akacheka. "Mpokomo! Umekosa samaki, sasa wavua mkaa?"

"Navua, nawe Mworma umeniletea moto wa kukaangia! Mpe mama huo mwenge, uje uone."

Galgalo akampa Qabale mwenge, akainama.

"Huu ni mkaa wa mioto ya zamani," Gershom akasema. "Nyasi zikiungua, upepo na maji huleta mkaa ziwani. Unazama, tope linaufunika. Mkaa hauozi upesi. Wa chini ni wa mababu, wa juu ni wa juzi. Sasa tazama hapa. Mkaa mwembamba, na juu yake tope zito la mafuriko ya mto. Na hapa?"

Qabale akagusa kwa kidole. "Mkaa mnene. Juu yake mchanga mkavu, mwingi."

"Maana yake?"

"Moto mkubwa ulikuja. Mto haukuja."

"Miaka mingi haukuja, mama. Mkaa hauniambii nani aliwasha, wala kama kesho itanyesha. Unaniambia kwamba ukame mrefu si mgeni hapa."

Galgalo aliwatazama ng'ombe, akazitazama nyasi. Kisha akauchukua mwenge kwa mkewe, akauzika mchangani mpaka moshi ukakoma.

"Sichomi," akasema.

Siku zilizofuata walifyeka njia pana kuzunguka nyasi, moto wa jirani usivuke. Walilisha kipande kwa kipande. Mikono ilitoka malengelenge, lakini hawakuacha.

Ng'ambo ya ziwa, Jaldesa, kaka yake Qabale, aliwacheka. Akachoma nyasi zake zote. Mvua ikakawia tena. Ng'ombe wake wengi wakafa.

Mvua iliponyesha hatimaye, ng'ombe wa Galgalo walikuwa wamesimama kwa miguu yao. Jaldesa akaja na kibuyu kitupu. Hata hivyo, ubishi haukumtoka.

"Msiringe na mkaa wenu," akasema. "Wazee wetu walichoma nyasi siku zote!"

Qabale aliendelea kukamua.

"Walichoma, kaka, kisha wakahama. Wewe umechoma, kisha umekuja kuomba maziwa."