Sauti ya Mgeni wa Kisima

Viti-moyo vya Jumba la Mitetemo vilifunga mikanda yake laini kwenye viganja vya watazamaji, vyote kwa pamoja, na ukumbi mzima ukashusha pumzi. Kila kiti kilisoma mapigo ya moyo wa aliyekikalia, joto la ngozi yake na jasho la vidole, kikaipelekea habari hiyo mashine iliyokuwa nyuma ya pazia. Mashine hiyo iliitwa Mnong'onezi. Kazi yake ilikuwa kumnong'oneza kila mtu sikioni maneno yake peke yake, ya kumtisha yeye na si jirani yake. Anayeogopa nyoka aliambiwa kuna kitu kimepita chini ya miguu yake, na anayeogopa wafu aliitwa jina lake la utotoni.

Mwanahawa alikaa safu ya tatu, uso ameukunja. Alikuja kwenye sehemu ya tatu ya Mgeni wa Kisima, lakini tuseme ukweli, sinema yenyewe haikumshughulisha. Alikuja kulinda mali yake. Sauti iliyokuwa ndani ya ile mashine ilikuwa ya marehemu mumewe, Hemedi Kibwana.

Katika sehemu mbili za kwanza hakukuwa na Mnong'onezi. Alikuwepo Hemedi mwenyewe, ndani ya kibanda cha kioo karibu na mlango, anasoma mioyo ya watu kwenye ubao wa taa na kuwanong'oneza papo hapo. Watu walitishika, si mchezo. Sehemu ya kwanza iliwafanya wanaume wazima waogope kwenda msalani peke yao. Ya pili ilimtoa mbio mtendaji wa kata, na kitambi chake, akaacha viatu ukumbini. Tanga nzima ilimjua Hemedi, na wanawake walikuwa wakimtumia salamu bila hata kumwonea haya mkewe.

Mkewe naye alikuwa fundi wa roboti za bandarini. Alitoka nyumbani na adhana ya alfajiri, na mume alirudi usiku umeshakuwa mkubwa, wakaishi kama walinzi wanaopokezana lindo. Wivu ulimla Mwanahawa miaka yote hiyo. Alikuwa akiwaambia dada zake kwamba mji unakula wali, yeye anaachiwa ukoko.

Hemedi alipofariki, watu wa kampuni ya sinema walikuja kuomba rekodi za mazoezi yake ili waifundishe mashine. Mwanahawa alikuwa ndani ya eda, hatoki, na hakuwa na moyo wa kuisikia sauti ile hata kidogo. Akamwita shemeji yake, akampa sanduku-sikizi lote la nyumbani awapelekee. Kila nyumba ilikuwa na kisanduku hicho, cha kuwasha taa na kufunga milango kwa kuambiwa, nacho kiliweka kila kilichosemwa mbele yake. Hemedi alizoea kufanya mazoezi mbele ya lile la kwao. Mwanahawa alilitoa bila kulisikiliza, kama mtu anavyotoa nguo za marehemu zikagawiwe.

Sasa Mgeni alikuwa anapanda kutoka kisimani, maji yanamchuruzika, anamjongelea binti aliyelala. Ukumbi ukatulia. Mwanahawa akajikaza. Kisha sauti ya Hemedi ikamwingia sikioni, ya chini, ya karibu mno.

"Lala, mama. Mimi niko macho."

Ubao wa taa mlangoni, ambao zamani uliwaka mwekundu mpaka ukatisha wenyewe, ukageuka kijani kibichi. Mioyo ya watu ilikuwa inapoa. Mzee mmoja akapiga mwayo. Safu ya nyuma mtu akaanza kukoroma. Taa zilipowashwa watu walitoka wakilalamika kwa nyuso za kushiba, wanasema sehemu ya kwanza iliwanyima usingizi na hii imewarudishia.

Mwanahawa alifurahi, kwa nini afiche? Mashine imeshindwa kuwa Hemedi. Lakini furaha ile haikufika mlangoni. Maneno yale yalimrudia na kumkera, kwa sababu Hemedi hakuwahi kumwambia hivyo. Yeye alimwita Hawa, na akikasirika alimwita fundi. Huyo mama ni nani, aliyelala na Hemedi akakaa macho kwa ajili yake?

Msichana wa kiti cha jirani alikuwa anajifuta machozi. "Dada, umesikia? Nilale, yeye yuko macho!" akamwambia. "Mimi hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo."

Mwanahawa alitamani kumzaba kibao. Mtu na mumewe, na mtoto wa watu anamlilia.

Kesho yake asubuhi alikuwa ofisini kwa Mhandisi Kisamo, aliyemfundisha Mnong'onezi. Kijana alimwamkia kwa adabu, akaitikiwa marahaba kavu. Kisamo naye alikuwa na yake, maana magazeti yalishaiita sinema hiyo bembelezi. Akaeleza kwamba mashine hushika maneno yanayojirudia sana, hasa yakisemwa kwa hisia. Neno lile lilijirudia sandukuni kuliko vitisho vyote, kwa hiyo Mnong'onezi aliona ndio kiini cha kazi ya mzee Hemedi. Na wao wenyewe walilipenda. Pepo anayekukodolea macho umelala, walidhani hakuna la kutisha zaidi ya hilo.

"Lifute," Mwanahawa akasema. "Na sauti, na sanduku. Nisisikie hata pumzi yake."

Kisamo akamwambia ni haki yake, mjane ndiye mwenye sanduku, ila kilichofutwa hakirudi. Sheria inataka mwenye mali asikilize kwanza.

"Haya, weka. Nimjue huyo mwanamke."

Ulisikika mlango ukifunguliwa taratibu, kama unafunguliwa na mwizi. Ufunguo ukalazwa juu ya meza. Viatu vikavuliwa kimoja kimoja. Kisha sauti ya Hemedi, imechoka, imekauka kwa kunong'ona usiku kucha, ikasema maneno yale. Na chini ya sauti hiyo kulikuwa na mtu anakoroma, mkoromo wenye mluzi mdogo mwishoni.

Mwanahawa alikaa kitako. Ni kwa mluzi ule dada zake walimcheka tangu utotoni.

Kisamo akaweka usiku mwingine, na mwingine. Mlango, ufunguo, viatu, maneno, mluzi. Usiku mmoja mkoromo ulikatika, na sauti ya mwanamke aliye usingizini ikaamrisha roboti ipunguze kasi, itavunja mkono. Hemedi akacheka kimya kimya, akasema, "Sawa, fundi. Lala, mama."

Kisamo aliinamia vitufe vyake. Akauliza kama afute.

Mwanahawa alijifuta uso kwa upindo wa kanga. Akasema neno lile litoke kwenye sinema na kwenye masikio ya watu, lakini sanduku lisiguswe. Kijana akajaribu kumweleza kwamba wapo wanaoomba kurudi, hawataki kutishwa, wanataka kuambiwa tu. Mwanahawa akamkumbuka yule msichana na macho yake yaliyolowa, na moyo ukamchoma kidogo. Hata hivyo alinyoosha mkono apewe sanduku.

"Watafute wa kukesha nao. Huyu ana mwenyewe."

Baadaye watu walisema mashine ilifundishwa upya na sinema ikatisha kiasi, ingawa haikuzifikia zile mbili. Yeye hakwenda kuitazama. Alasiri ya siku ileile aliyotoka kwa Kisamo, jua likiwa bado kali nje, aliliweka sanduku juu ya meza karibu na mlango, akavuta pazia, akajilaza upande wake wa kitanda. Akaliamuru sanduku lianze. Mlango ukafunguka taratibu. Ufunguo ukalazwa mezani. Mwanahawa akafumba macho, akaanza kukoroma kwa makusudi, Hemedi asije akajua yuko macho akanyamaza.