Mashine Iliyolima Siku za Matanga

Asubuhi Rwezaura aliiacha seva ikiitika kwa toleo jipya. Mchana aliporudi kutoka kula akaikuta inaitika kwa la zamani. Akadhani amesahau mwenyewe, maana kazi ilikuwa nyingi. Akarekebisha, akaketi, akanywa chai yake ya maziwa, na alipotazama tena mambo yamerudi vilevile. Mlango wa chumba kile alikuwa ameufunga, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Ilikuwa mwaka tisini na tisa, katika ofisi ya shirika moja la wakulima wa kahawa pale Bugene. Nikisema seva nisionekane najidai. Ni kompyuta isiyozimwa, inayohifadhi kurasa ambazo watu wa mbali wanazifungua kwenye kompyuta zao. Ya Bugene ilikuwa na betri za sola na dishi kubwa juu ya bati, na wanunuzi wa Ulaya walikuwa wakichungulia humo kahawa yetu saa yoyote waliyotaka. Kurasa zenyewe zilitengenezwa na programu zilizoandikwa kwa lugha iitwayo Perl. Mtu aliyezitengeneza, akaiweka hiyo Perl toleo la nne kwa mikono yake, alikuwa Evaristi Nsabimana, Mrundi wa Kituntu. Basi Evaristi akafa kwa homa, na Rwezaura akaletwa akae mahali pake.

Rwezaura alikuwa kijana wa hapohapo Bugene, aliyesomea kazi yake Dar es Salaam. Alikuja na toleo la tano. Programu zake mpya zilitaka la tano, na zile za marehemu zilitaka la nne, ukizibadilishia zinagoma. Kulifuta la zamani hakuthubutu, maana ukurasa mkuu wa kahawa ungekufa nalo. Akayaacha yote mawili humo ndani, kama mtu aliyeweka wake wawili jiko moja. Mkewe Deodatha alipomuuliza kinachomkosesha usingizi ni nini, alimweleza kwa subira: mashine haijui kipi kipya na kipi cha zamani. Programu ikiita Perl, mashine inafuata njia iliyoonyeshwa, na Perl ya kwanza kukutwa njiani ndiyo inayoitika. Yeye kila siku anaitanguliza yake. Na kila siku kuna mtu anaitanguliza ile nyingine.

"Mtu gani?" Deodatha akauliza.

Rwezaura akazima taa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa lilipo. Kwetu Karagwe mwenye mji, yaani baba wa nyumba, akifa, jembe haligusi udongo. Hakuna kulima wala kupalilia mpaka matanga yaishe na mrithi akalishwe kwenye kiti. Wanyambo tunafanya hivyo, na ndugu zetu wenye asili ya Burundi na Rwanda wanafanya hivyohivyo; katika hilo hatujawahi kubishana. Evaristi alipofariki, meneja Kahigi, Mlutheri asiyekosa ibada, alifunga ghala la kahawa na kuwapeleka wafanyakazi wote Kituntu na sukari na mikungu ya ndizi. Hata mlinzi aliyekuwa na kibustani cha mchicha nyuma ya ofisi alikatazwa kukigusa. Seva peke yake ndiyo haikusimamishwa. Nani angefikiri kwamba kitu kisicho na mpini nacho ni jembe? Ikaendelea kufanya kazi ya marehemu huku marehemu mwenyewe yuko kwenye jeneza, na kabla matanga hayajaanuliwa, Rwezaura alikuwa ameshakalishwa kwenye kile kiti bila mtu kumuaga mwenye nacho.

Likaja lile jambo la harufu. Chumba kile kilikuwa na harufu ya betri na vumbi la moto, lakini ikifika saa tisa alasiri kilianza kunukia amwani, zile kahawa za kutafuna zinazochemshwa na majani. Evaristi alikuwa akizitafuna kutwa nzima. Karani wa mapokezi, Costansia, alipoisikia mara ya kwanza alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni akitabasamu, mkono tayari kugonga, kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe alimwaga udongo kwenye lile kaburi. Akarudi mezani kwake na hakuinuka mpaka jioni. Siku zilizofuata alisikia na vitufe vikigongwa, kimoja kimoja, kwa vidole viwili, na Rwezaura yuko nje uani anaongea na dereva.

Haya yangekwisha ofisini, ningekuwa nimeshanyamaza. Hayakwisha. Yalimfuata Rwezaura nyumbani kwake, kwa Deodatha na binti yao mdogo Kokuberwa. Alianza kukohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho. Akaanza kula kwa mkono wa kushoto. Ukimwita, alichelewa kuitika, akikutazama kama mtu anayesubiri mwenzake aseme kwanza, na Deodatha, ambaye alimpenda mumewe kwa mapenzi ya wazi yaliyowachekesha majirani, akaanza kumwogopa, na akajichukia kwa kumwogopa.

Siku moja ya mvua ya vuli, mchana kweupe lakini ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba hata usione choo kilipo, Deodatha alikuwa jikoni anamenya ndizi, akamwita mumewe aje amshikie sufuria, "Baba Kokuberwa," na kutoka chumbani akamsikia akiitika "Ee" kwa sauti yake ileile aliyoizoea, akashusha pumzi, na kabla hajamaliza kuishusha akasikia chini ya sauti ile, kama kutoka kifuani na si mdomoni, sauti nyingine ya mtu mzima iliyochoka ikisema kwa Kirundi "Ndaje," yaani nakuja, kisha hatua za miguu zikaanza kuja, nazo hazikuwa hatua za mtu mmoja, mbili nzito na mbili za kuburuta, zikaja taratibu kwenye ukumbi, zikapita mahali mtoto alipokuwa anacheza, na mtoto akasogea kwanza kumpisha mmoja, kisha akasogea tena kumpisha mwingine, na aliyetokea mlangoni alikuwa Rwezaura peke yake, machozi yanamtoka.

"Mama Kokuberwa," akanong'ona, "nikiifuta yake, ukurasa unakufa. Nikiifuta yangu, nakufa mimi. Nisaidie."

Wakaanza na maombi, kama ilivyo kawaida ya watu wa kanisa. Mwinjilisti alikuja, akaomba vizuri sana, na Rwezaura akaitikia amina mara mbili. Ndipo Deodatha alipofunga khanga yake akaenda Kihanga kwa bibi mmoja aitwaye Kokubanza, mwanamke mfupi mwenye maneno ya kukata, aliyejulikana kwa kuwaondoa wasioonekana. Akapiga magoti, akasema shikamoo, akaeleza yote. Bibi akasikiliza huku anapembua maharage yake.

"Huyo hana ubaya," akasema. "Aliona kazi yake inaendelea, akajua hajafa. Tutamaliza matanga yake, atakwenda. Safisha uwanja wako, nitakuja."

Hapo Deodatha akasita. Mumewe alikuwa mzee wa kanisa, tena kijana kuliko wote. Nyumba yao iko kando ya barabara ya kwenda ibadani. Mganga akionekana uwanjani pao, Jumapili inayofuata watatengwa meza ya Bwana, na watoto wenzake watamzomea Kokuberwa. Akamsihi bibi wafanyie ofisini, siku ya Jumapili, wakati ofisi haina watu. Meneja Kahigi angetoa ufunguo. Naye alishachoka, wanunuzi wanalalamika.

Kokubanza aliacha kupembua.

"Mwanangu, mgeni anafukuzwa kwenye nyumba ya mwenyeji," akasema. "Kwako, mume wako ndiye mwenyeji. Kule ofisini ni kiti cha nani?"

Deodatha alilia. Alisema aibu itawaua kabla ya hilo jini. Alisema mumewe anaitwa kwa jina lake, si kwa kiti, na mizimu haishindwi kujua jina la mtu. Aliendelea kusihi mpaka bibi, ambaye naye alikuwa mzee na kesho yake alikuwa na shamba la kuvuna, akachoka akasema haya, liwalo na liwe.

Walifanya Jumapili alasiri. Kahigi alifungua mlango, akakimbilia kwenye gari lake na kujifungia humo na Biblia. Bibi aliamuru mashine izimwe, na ilipozimwa, kile kinong'ono cha feni ambacho hakikuwa kimenyamaza tangu msiba kikakatika, na harufu ya amwani ikajaa chumbani mpaka macho yakawasha. Akamkalisha Rwezaura kwenye kiti, akamfunika kwa nguo ya gome la mti. Akanyunyiza maji kwa majani. Akamwambia marehemu kwa upole kwamba pole, walikukosea, hawakuacha jembe, leo tumeacha, matanga yako tunayaanua, kazi imepata mrithi, usiye na kiti hapa inuka, nenda Kituntu ukapumzike. Chini ya ile nguo wakasikia watu wawili wanabishana kwa kunong'ona. Ubishi uliendelea, ukapanda, kiti kikatikisika, kisha mmoja akaanza kulia na kulalamika, sauti ikawa ndogo, ikasogea mlangoni, ikatoka nje, wakaisikia ikipita uani kuelekea barabara kuu.

Wakafunua nguo. Rwezaura alikuwa ametulia, jasho limemkauka. Akamtazama Deodatha, akatabasamu, akasema twende nyumbani.

Furaha ya Deodatha siku ile sitaweza kuieleza. Alichinja jogoo. Alicheka bila sababu. Mume wake alikuwa akiitika mara moja tu, kwa sauti moja, na Jumatatu alikwenda kazini na kumaliza ugomvi wa mashine kabla ya saa nne. Kahigi alikuja mwenyewe nyumbani kushukuru. Akasema Rwezaura amelifuta moja ya yale matoleo, limebaki moja, na ukurasa mkuu unafunguka bila shida. Deodatha akamuuliza amelifuta lipi.

"La tano," Kahigi akasema. "Anasema la zamani linatosha."

Aliposikia hivyo Deodatha aliingiwa na wasiwasi, lakini akajikemea. Ni mambo ya kompyuta, yeye anajua nini? Usiku akamtazama mumewe aliyelala. Alikuwa mpole. Alimsaidia kazi, hakumgombeza mtoto. Kumbe ndicho kilichomtisha zaidi, ule upole wa mtu aliye ugenini.

Mwisho wa wiki akaja mwanamke uwanjani, kavaa nguo za kufiwa, vumbi mpaka magotini. Alikuwa Therese, mjane wa Evaristi. Wakasalimiana, akaketi kwenye mkeka, akakataa maji. Alitazama huku na huku kama mwizi.

"Dada," akasema polepole, "unisamehe. Tangu Jumapili, jua likizama, kuna mtu anakaa kwangu sebuleni. Simwoni. Namsikia. Watu wanasema ni marehemu amerudi, nami nilitamani iwe hivyo. Lakini si Evaristi. Nimezaa na Evaristi, namjua. Huyu anasema Kinyambo huku analia, na ninachokisikia vizuri ni jina tu. Anamwita Deodatha."

Nyuma ya Deodatha mlango ulifunguliwa, na mume wake akatoka kuona ni nani aliyekuja. Akasimama. Therese akainua macho. Walitazamana kwa muda mrefu, yule mjane na yule kijana ambaye hakuwa amewahi kumwona isipokuwa kwa mbali siku ya mazishi. Kisha kijana akatamka kitu kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, na Therese akaanguka kwa magoti, akaishika miguu yake na kuikumbatia akilia.

Watu wa Bugene wanasema Rwezaura alimfukuza mkewe akaoa mjane wa Kirundi. Wengine wanasema Deodatha alirukwa na akili. Wanasema mengi, hawalipii ushuru. Mimi najua kwamba Deodatha hakufukuzwa na mtu. Alirudi kwanza Kihanga, na Kokubanza akamwambia kwamba nyumba iliyokwisha kupata mwenyeji haifunguliwi tena. Bibi hakumlaumu. Alimpa maharage ya njiani.

Ndipo akamchukua Kokuberwa, akapanda lori la kahawa, wakashuka Kituntu jua linakaribia kuzama. Nyumba ya Therese ilikuwa tupu, mwenyewe amebaki Bugene. Deodatha aliwasha koroboi, akapika ndizi kwa maharage, akatandika mkeka sebuleni, akaandaa sahani tatu. Giza lilipoingia alisikia mtu anavuta pumzi pembeni yake, karibu kabisa, pumzi ya mtu aliyelia kutwa.

"Umechelewa," sauti ikasema.

Deodatha akamsogezea sahani.