Homa Iliposhuka

Jumanne ile foleni ya kupimwa damu hospitalini ilikuwa imetoka mlango wa maabara, ikazunguka kibanda cha chai na kurudi, na Gachoki, fundi wa maabara, alikuwa ameanza kuwaona watu kama mikono tu. Mkono, kamba, sindano. Mkono, kamba, sindano. Kisha ukaja mkono wa mwanamke, bangili tatu na udongo kwenye kucha, umemshika msichana wa miaka mitano anayechemka kama birika.

"Si mimi, ni huyu," mwanamke akasema. "Na ukimdunga mara mbili tutakosana."

Gachoki akainua macho. Sweta ya kijani, leso kiunoni, macho ya mtu asiyedanganywa bei. Fomu ilisema mtoto ni Cicily na mama yake ni Nkirote, muuza viazi soko la Embu; nafasi ya baba ilikuwa tupu.

"Viazi vya Kibirichia, kule Meru?" akauliza, kisha akamsalimu: "Muga."

"Muga mono. Kumbe Mwembu anajua Kimeru?"

"Najua hilo moja tu. Nilikuwa naliwekea siku ya maana."

Nkirote alijaribu kutocheka, akashindwa. Damu ikatoka mara moja.

Malaria haikuonekana. Lakini mama na mtoto walikuwa wametoka Mombasa kwa harusi ya dada, kwa hivyo daktari wa watoto akaagiza kipimo cha dengi, ile homa ya mbu wa mchana. Ikapatikana. "Anywe maji mengi," daktari akasema, "na kila asubuhi mlete tuangalie damu."

Jumatano damu ilipimwa, ikawa si mbaya. Shida ilikuwa ya Gachoki mwenyewe: alitaka kumwona Nkirote tena. Mchana akachukua nambari ya simu kwenye fomu, akampigia.

"Mama Cicily, kuna mahali hujaweka sahihi. Hebu pita."

Nkirote akaachia jirani viazi na mtoto, akaja mbio roho mkononi. Akapokelewa na chai na mandazi mawili yaliyofunikwa na sahani. Alipouliza sahihi inawekwa wapi, Gladwell, mwenzake Gachoki wa maabara, akaharibu mambo bila kujua.

"Sahihi ya mzazi? Tangu lini?"

Nkirote akaweka kikombe chini polepole. "Nimekimbia nikijua mtoto wangu anakufa. Kumbe naitiwa mandazi."

"Nisamehe, ilikuwa utani."

"Cheka basi."

Alhamisi alimleta Cicily, akamshikilia adungwe huku yeye akiangalia dirisha. Mtoto alikuwa amepoa, homa imekwisha. Nkirote hakungoja majibu. Akaenda zake sokoni.

Saa nne majibu yakatoka. Chembe za kugandisha damu zilikuwa zimeanguka kutoka laki moja na elfu ishirini hadi elfu arobaini na tano, na damu yenyewe imekuwa nzito. Ubaya wa dengi aliujua: humngoja mtoto apoe ndipo imwume. Daktari wa watoto alipoona ile karatasi alisema maneno matatu tu: "Arudi sasa hivi."

Gachoki akapiga simu.

"Nkirote, mrudishe mtoto. Damu yake imebadilika."

"Leo imebaki sahihi ya nani? Ya nyanya yake?"

"Naapa huu si mchezo."

"Cicily amepoa kama kiazi cha jana. Kula mandazi yako."

Alipopiga tena, simu haikuingia.

Basi mwanamume mzima wa miaka thelathini na minne akatoka mbio na koti jeupe, glavu mkono mmoja, akakata barabara mpaka sokoni. Wauza nyanya wakamfurahia sana. "Daktari, nani amekula fare yako akakosa kuja?"

Akawapita. Alitandaza karatasi mbili juu ya viazi vya Nkirote.

"Jana nilikudanganya. Hayo ni makosa yangu, usimlipishe mtoto. Angalia, hii ya jana, hii ya leo. Ukisahau supu motoni inakuwa nzito. Hujaongeza nyama, ni maji yameisha. Damu yake iko hivyo. Maji yanatoroka nje ya mishipa."

"Lakini amepoa. Si unaona vile amelala vizuri."

"Cicily? Saa tano mchana? Huyu wa kupiga stori hata na sindano?"

Nkirote akageuka. Mtoto alikuwa amelala juu ya magunia matupu, kelele yote ya soko ikimpita. Akamshika mkono. Ulikuwa baridi, umelowa jasho. "Cici," akaita. Jicho moja likafumbuka, likafumba tena.

Akamfunga mgongoni, akaacha viazi wazi.

Dripu iliingia kabla ya saa sita. Siku mbili zile Gachoki alileta majibu kila yalipotoka, akisoma maelfu ya chembe tu, bila utani. Arobaini. Arobaini na mbili. Sitini. Ilipofika tisini, Jumamosi, Cicily akaitisha chapati.

"Umenyamaza sana," Nkirote akasema kando ya kitanda.

"Niliogopa utafikiri hata nambari natunga."

"Hasira yangu ilitaka kunimalizia mtoto, Gachoki."

"Uongo wangu ndio ulianza."

"Basi tumekosa wawili."

Jumapili wakaruhusiwa. Nje ya wodi, akiwa na gauni la maua na mtoto mgongoni, Nkirote akaongea akiangalia kando. "Wiki ijayo napanda Kibirichia kuchukua viazi. Mama anataka kumwona huyo daktari wa glavu moja."

"Niende kama nani?"

"Wewe ndiye unajua."

Utani mwingi ukapanga foleni mdomoni mwa Gachoki. Akaufukuza wote.

"Kama mtu anayekupenda."

Nkirote akamgeukia. "Ona sasa," akasema. "Hiyo ungenipigia simu uniambie, ningekuja polepole nikiwa nimeoga."

Akafungua leso, akamkabidhi mtoto. "Mbebe. Amenenepa na chapati, na mgongo wangu umechoka."

Gachoki akambeba, wakashuka ngazi, Cicily akimuuliza kama mbu wa Mombasa wanajua njia ya Embu.