Bi Obdulia Asimama Kusaga

Mama mkwe wangu, Bi Obdulia, husaga chokoleti kwa mikono yake. Nasema kwa mikono yake, si kwa mashine ya sokoni. Anayetaka kunibishia aje anywe kikombe kimoja kwanza, halafu tuzungumze.

Sisi ni watu wa bonde la Oaxaca. Kila nyumba hapa ina jiwe la kusagia lenye miguu mitatu. Mwanamke hutandika mkeka na kupiga magoti mbele ya jiwe. Huweka makaa kidogo chini yake, kisha husaga kakao iliyokaangwa. Jiwe likipata joto, kakao hulainika na kuwa uji mzito unaong'aa. Hapo huongezwa sukari, mdalasini na lozi. Siku ya harusi, chokoleti hiyo hutiwa katika maji ya moto na kupekechwa mpaka itoe povu. Povu likiwa dogo, wageni hawasemi kitu. Hutazamana tu. Afadhali wangetukana.

Katika ukoo wa mume wangu kuna mwiko. Anayesaga haruhusiwi kuinuka kabla fungu lake la kakao halijaisha. Eti akiinuka, povu linakimbia. Bi Obdulia aliushika mwiko huo miaka hamsini. Alikaa magotini kwa muda wa saa tatu, wakati mwingine saa nne, bila kunyoosha mguu.

Mwezi wa kumi binti yangu Aurelia alichumbiwa. Harusi ikapangwa mwezi wa pili. Kwetu, chokoleti ya harusi husagwa na bibi wa bibi harusi. Asipoweza, jiwe lake hupewa mwanamke mwingine wa ukoo, na halirudi tena.

Siku ya kuwapokea wakwe, Bi Obdulia alisaga fungu dogo tu. Alipomaliza, tukasikia akiita.

"Fidencio! Njoo unishike. Goti limegoma."

Mume wangu alimshika bega la kulia, mimi la kushoto. Tukamwinua huku akiuma meno. Mlangoni alisimama wifi yake, Bi Zenaida, na kapu la mikate mkononi. Aliona yote.

"Ee wifi," alisema Zenaida, "siku hizi unanyanyuliwa kama gunia la mahindi? Hilo jiwe nipe mimi, wewe ukapumzike."

"Utalipata nikishazikwa," akajibu Bi Obdulia. "Na hata hapo nitarudi kulidai."

Tulicheka. Lakini Zenaida alipoondoka, mama mkwe wangu alikaa kitandani akalia. Goti hilo la kulia lilikuwa linamuuma mwaka wa nne sasa. Alikuwa ametuficha.

Sasa nitasema kosa letu, na mimi ndiye niliyekosea zaidi. Nilimwambia asitembee. Nilimfunga goti kwa kitambaa, nikamweka kwenye kiti, nikamletea kila kitu pale pale. Asubuhi mkate mtamu, jioni mkate mtamu. Nilidhani huo ndio upendo. Fidencio naye alimleta mtu wa gulioni anayedunga watu sindano. Siku mbili maumivu yakapoa, siku ya tatu yakarudi na ndugu zake. Hatukujua hata kilichokuwa ndani ya sindano ile.

Baada ya wiki tano, Bi Obdulia alikuwa mnene zaidi na paja lake limelegea. Hata kwenda chooni ilikuwa safari.

"Mama," Fidencio akasema, "twende mjini wakubadilishie goti. Wanaweka la chuma."

"La chuma! Mimi nimekuwa geti?"

"Mama, mimi sitanii."

"Na mimi pia sitanii. Nikikatwa leo, mwezi wa pili nitakuwa bado najifunza kutembea. Jiwe litakwenda kwa Zenaida."

Tulikubaliana jambo moja: twende kituo cha afya kwanza. Daktari alimpima, akapiga picha ya goti. Kisha akatupeleka kwa Eloína, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ni binti mfupi kutoka vijiji vya milimani, na haogopi mtu.

"Bibi," Eloína aliuliza, "kazi yako ni ipi?"

"Nasaga chokoleti."

"Unasaga ukiwa umekaaje?"

"Umekulia wapi wewe, mwanangu? Nimepiga magoti, kama watu wote."

"Kwa muda gani bila kuinuka?"

"Mpaka fungu liishe. Nikiinuka, povu linakimbia."

Eloína alitabasamu. "Kwa hiyo povu limebaki, goti ndilo lililokimbia."

Nilimtazama mama mkwe wangu kwa hofu. Hajazoea kuchokozwa na watoto. Lakini alicheka mpaka akashika kiti.

Eloína akaweka ile picha dirishani. "Hapa mifupa miwili inakutana. Katikati kuna gegedu, kitu laini kinachozuia mifupa isisuguane. Yako imelika kiasi. Haitarudi kuwa ya msichana, nisikudanganye. Lakini goti halibebwi na gegedu peke yake. Linabebwa na misuli ya paja. Misuli ikiwa na nguvu, goti hupata nafuu. Ukikaa tu, misuli inalegea, mzigo wote unaangukia goti."

"Nilimkataza kutembea," nikasema. Uso uliniwaka kwa aibu.

"Wengi hufanya hivyo, mama. Kupumzika siku mbili tatu goti likivimba ni sawa. Kukaa wiki tano ni kulimaliza."

"Basi kubadilisha goti je?" Fidencio aliuliza.

"Upasuaji upo, na huwasaidia watu. Lakini ni hatua ya mwisho, si ya kwanza. Tujaribu miezi mitatu. Wengi hupata nafuu bila kisu. Asipopata, tutarudi kwa daktari tuzungumze tena, na hakuna aibu."

Alitueleza na habari za dawa. Kuna dawa ya kupaka aliyoandika daktari. Vidonge vya maumivu visimezwe ovyo, maana vinaweza kuumiza tumbo na figo. Sindano za gulioni, hapana kabisa. Na goti likiwa la moto na jekundu, au homa ikipanda, au mguu ukishindwa kabisa kukanyaga, tusingoje kesho.

Bi Obdulia alisikiliza yote. Kisha akauliza alichokuwa nacho moyoni tangu mwanzo.

"Harusini nitasaga?"

"Utasaga, bibi. Ila umesimama, na kila dakika ishirini unapumzika."



"Nimesimama?" alisema polepole. "Kama mtu anayepiga pasi?"

Tukarudi nyumbani. Asubuhi yake nilimkuta ameketi kitini, ameunyoosha mguu mbele. "Usisimame hapo kama mgeni," akaniambia. "Nihesabie."

Tukaanza mazoezi aliyotufundisha Eloína. Ananyoosha mguu mmoja, anaushikilia mpaka kumi, anaushusha. Mara kumi kila mguu. Kisha anasimama kutoka kitini na kuketi tena, bila haraka. Mwanzoni alishika meza. Akichoka alikuwa mwizi wa hesabu: kutoka nne anaruka hadi saba.

"Mama, tano na sita ziko wapi?"

"Zimekwenda sokoni. Endelea."

Siku ya nne goti liliuma, akataka kuacha. Nilimpigia simu Eloína. Alisema maumivu madogo yanayotulia kufikia kesho yake si hatari. Yakizidi au goti likivimba, tupunguze idadi, tusiache. Tukapunguza hadi mara tano. Baada ya wiki tukarudi kumi.

Alitembea pia. Mwanzo dakika kumi, hadi kona ya kanisa, fimbo ikiwa mkono wa kushoto kwa sababu goti bovu ni la kulia. Ndivyo Eloína alivyoelekeza. Baadaye dakika ishirini, kisha nusu saa. Mkate mtamu ukabaki wa Jumapili, soda tukaziacha dukani. Mwezi wa kwanza ulipokwisha, alikuwa amepungua kilo nne, na alisimama kutoka kitini bila kushika kitu. Bado goti lilimuuma baadhi ya siku. Lakini yeye ndiye aliyekuwa bosi sasa.

Fidencio alijenga meza ya matofali, urefu wa kiuno cha mama yake. Aliacha nafasi ya makaa chini ya jiwe. Alipoliweka jiwe juu, Bi Obdulia alilizunguka mara mbili.

"Mama yangu angeniona angenichapa," alisema.

Siku mbili kabla ya harusi, wanawake wa ukoo walijaa uani. Wengine walikaanga kakao, wengine walimenya. Zenaida alivaa aproni mpya. Alikuja tayari kurithi.

Bi Obdulia alisimama mbele ya jiwe, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, akaanza kusaga. Mikono ile! Kakao ikaanza kung'aa. Baada ya dakika ishirini, fungu likiwa halijafika hata robo, aliweka chini lile jiwe dogo la mkononi la kusagia, akaondoka.

"Ameinuka!" Zenaida alipaza sauti. "Fungu halijaisha! Mmeona wenyewe. Povu tusahau."

"Sijainuka, wifi," akajibu Bi Obdulia akitembea taratibu kuzunguka ua. "Nilikuwa nimesimama tangu mwanzo."

Wanawake waliangua kicheko. Lakini nilimwona yeye hakucheka nao. Mwiko wa miaka hamsini si kitu cha kuvunja mbele ya watu huku ukitabasamu. Aliketi kidogo, akanyoosha goti, akarudi kwenye jiwe. Alifanya hivyo mara tano mpaka fungu likaisha.

Maji ya kuijaribia chokoleti yalikuwa yamechemka, akaitia kidogo chunguni. Alichukua upekecho mwenyewe, akaupekecha kati ya viganja. Mara povu likapanda, zito, likafika mdomo wa chungu, likamwagika pembeni hadi kwenye matofali ya Fidencio. Aurelia wangu alipiga kigelegele. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Siku ya harusi wakwe waliomba kikombe cha pili. Walipoambiwa nani kasaga, walimtafuta. Bi Obdulia aliwafuata mwenyewe, uani kote, hatua kwa hatua, bila kushikwa na mtu. Mgongo umenyooka. Nilitamani kumwambia kila mgeni: yule ni mama mkwe wangu.

Jioni, wageni wakicheza, Zenaida aliingia jikoni tulikokuwa tunaosha vikombe. Alifunga mlango. Alipandisha sketi hadi juu ya magoti. Yote mawili yalikuwa yamevimba.

"Mwaka wa tatu," alisema kwa sauti ndogo. "Hata ungenipa lile jiwe, wifi, nisingeweza."

Nilingoja mama mkwe wangu amlipe kwa lile gunia la mahindi. Alikuwa na haki. Badala yake alifuta mikono, akamvutia kiti, akamketisha.

"Jumatatu asubuhi nitakupitia," alisema. "Tutakwenda kwa Eloína. Tutakwenda kwa miguu, polepole, na nitakushika mkono."